Nyasi za Mgeni

Usicheke, rafiki yangu. Nina miaka sitini na mmoja, nimestaafu ukunga baada ya miaka thelathini ya kupokea watoto wa watu, na sasa nimeajiriwa tena: nalisha farasi. Si kwamba nimekosa pa kukaa. Binti yangu amenijengea chumba na sebule hapa chini ya Mlima Meru, umeme upo, na mjukuu wa kunisumbua yupo. Lakini kila asubuhi, wazee wenzangu wanapojikongoja kwenda kwenye vikundi vyao vya maombi, mimi navaa buti za mpira na kwenda shamba la jirani kuzoa mavi ya farasi kumi na mmoja. Binti yangu amenuna. Anasema hajawahi kusikia mtu anapewa zawadi ya kitanda na godoro siku ya kustaafu, halafu anarudi nyumbani jioni akinuka zizi.

Mama mmoja wa Kizungu ndiye mwenye shamba lile, anakodisha farasi kwa watalii. Siku moja alimtuma mtu kuniuliza kama mkunga mstaafu anaweza kushona jeraha, kwa sababu daktari wa mifugo alikuwa mbali na farasi wake mmoja alikuwa amejichana kwenye seng'enge. Nilikataa. Mjumbe akanibembeleza. Mwishowe nikaenda na mkoba wangu wa zamani, na nilipofika mlangoni mwa banda harufu ikanipokea: jasho la farasi, ngozi ya matandiko, pumba iliyoloweshwa. Nikashindwa kuingia. Miaka zaidi ya hamsini nilikuwa sijainusa harufu ile, na nilikuwa nimekusudia nisiinuse tena mpaka nazikwa. Kisha nikaingia, nikashona. Kesho yake nikarudi kutazama nyuzi bila kuitwa, na keshokutwa vilevile. Mwezi ulipokwisha yule mama akaniambia niache kusingizia nyuzi, afadhali anipe kazi.

Sasa kaa nikueleze kwa nini nilikataa mara ya kwanza, maana haikuwa woga wa mateke.

Mimi ni mtu wa Mhezi, huko juu Upare ya Kusini, ambako ukungu huingia ndani ya nyumba bila hodi na kengele ya kanisa husikika huku kanisa lenyewe hulioni. Mama yangu simkumbuki. Alifariki nikiwa nanyonya. Nililelewa na bibi mzaa baba katika nyumba ya nyasi, upande mmoja tukilala sisi, upande wa pili ng'ombe mmoja na mbuzi watatu. Hata leo usingizi ukinikataa namfikiria yule ng'ombe akicheua gizani. Karibu kila siku tulikula makande, mahindi na maharage yaliyochemka kutwa nzima mpaka yakapatana, na bibi akiwa na furaha aliyatia maziwa. Baba alikuwa tambarare, kazini. Alipanda mlima mara mbili au tatu kwa mwaka akiwa na sukari na kipande cha kitambaa, akakaa siku mbili akinitazama bila kujua aniambie nini, kisha akashuka.

Kwetu ng'ombe hakutoka nje. Mlima ulikuwa umejaa migomba, kahawa na maharage, na maji ya vijito yalikuwa yameelekezwa kwenye ndiva, yale mabwawa ya wazee ya kumwagilia mashamba. Ng'ombe mmoja akizurura angeleta kesi ya ukoo na ukoo. Kwa hiyo alikaa ndani na chakula kikamfuata, na wa kumfuatishia chakula nilikuwa mimi. Nikilalamika, bibi alinionyesha yule ng'ombe kwa mwiko na kuniambia, "Huyu hana miguu. Miguu yake ni wewe." Nyasi zilikatwa alfajiri, kabla umande haujakauka, maana wakati huo huwa laini na mundu hupita vizuri. Nilizibeba kichwani maji yakinitiririka mgongoni mpaka meno yakagongana. Nikifika, bibi aliupapasa mzigo. Ukiwa umelowa aliniwekea uji wa moto karibu na jiko. Ukiwa mkavu alijua nimelala kupita kiasi, na uji ulisubiri nirudi tena bondeni. Ndivyo nilivyokua nikiamini kwamba mnyama unayempenda huletewa nyasi zenye umande.

Nilipokuwa na miaka tisa bibi alifariki. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitler, Mwingereza bado anatawala na bendera yake inapepea bomani Same. Baba alipanda kuzika. Shangazi, dada yake, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka kwa bibi, alitaka nibaki naye pamoja na watoto wake sita. Baba akakataa. Alisema nitasoma huko chini. Mimi naona alikuwa amechoka kukaa peke yake, ila mwanamume wa Kipare wa wakati ule asingelisema hilo hata ukimbana na mlango.

Tulishuka tangu asubuhi. Kila kona tuliyopita joto lilizidi na migomba ikapungua, mpaka tukatokea kwenye nchi nyekundu yenye mkonge uliopangwa mistari na mistari hadi macho yanachoka. Lilikuwa shamba la Mgiriki mmoja, kati ya Same na Hedaru, kando ya reli. Wafanyakazi walitoka kila pembe ya nchi na waliishi kambini katika mabanda marefu. Asubuhi waliamshwa kwa kipande cha reli kilichogongwa kwa nyundo, mchana mashine ya kusinga mkonge, yaani kuutoa nyuzi, ilinguruma mpaka ukazoea kuongea kwa kupiga kelele, na uvundo wa makapi ya mkonge ulikuwa ndani ya kila kitu, hata ndani ya ugali. Watoto wa kambini walikuwa na Kiswahili chao chepesi cha haraka. Mimi nilikuwa na Chasu, lugha yetu Wapare, na Kiswahili cha kanisani. Waliniiga nikiongea, wakacheka, kisha wakachoka kucheka wakaniacha. Shule ilikuwa ifunguliwe baada ya mvua. Miezi ile nilikaa siku nzima bila mtu wa kusema naye neno, mpaka jioni baba atoke kazini.

Kazi ya baba ilikuwa saisi, yaani mtunza farasi. Ujuzi aliupata ujanani kwenye mashamba ya kahawa ya Arusha, alikofundishwa na Msomali mmoja ambaye alimtaja kwa heshima kuliko mchungaji. Farasi wa bwana meneja, Mzungu aliyesimamia shamba lile, alikuwa mmoja tu, jike, rangi ya kutu, mwenye alama nyeupe katikati ya paji la uso. Aliletwa kutoka Kenya kwa treni, na watu walitembea kutoka milimani kuja kumtazama, wakarudi wakibishana kama ni aina ya punda. Bwana meneja alimpa jina la kwao ambalo hakuna aliyeweza kulitamka. Baba alimwita Mgeni. Alisema nchi hii si yake, maradhi yake yanamtafuta, na mgeni lazima alindwe.

Baba niliyemjua mimi, yule wa kuleta sukari na kunyamaza, hakuwa huyu niliyemwona bandani. Pale aliongea. Alimsugua Mgeni kwa brashi akimweleza habari za asubuhi, akamkagua kwato moja moja, akamwimbia nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini huku akimpimia mahindi na pumba. Akanipa mimi brashi. Akanionyesha namna ya kusimama begani, si nyuma, na namna ya kuweka mkono kwanza kabla ya kuanza kazi ili mnyama ajue uko wapi. Mgeni alikuwa na tabia ya kunipulizia pumzi shingoni, pumzi ya moto yenye harufu ya nyasi kavu, na mimi niliyekuwa sina wa kunisalimia nilisimama pale kwa makusudi nipuliziwe. Baada ya wiki chache nilimwambia baba kwamba nikikua nitakuwa saisi. Nilitegemea anikemee, maana nilikuwa mtoto wa kike. Alicheka, na mara nyingine ya kumsikia akicheka vile siikumbuki. Akasema, "Wewe utanishinda. Una mkono mtulivu."

Sentensi hiyo nililala nayo, nikaamka nayo. Sikuwa nimewahi kuambiwa kwamba nina kitu.

Ulinzi wa Mgeni ulikuwa na taratibu zake, na baba alizifuata bila kuruka hata siku moja. Kuna maradhi ya farasi yanayoua wakati wa mvua, na bwana meneja alikuwa amemweleza, kama Msomali alivyokuwa amemweleza kabla yake, kwamba maradhi hayo yanatokana na umande. Kwa hiyo Mgeni aliingizwa ndani jua likiwa bado halijazama upande wa nyika ya Wamasai. Madirishani yalishushwa magunia. Mlangoni baba aliwasha moto wa samadi na majani mabichi, moto wa moshi zaidi ya mwali, ili kukausha unyevu, ndivyo walivyoamini. Asubuhi Mgeni hakutolewa mpaka umande ukauke, na pale ulichelewa kukauka, kwa kuwa mlima ulituzuilia jua. Mimi niliambiwa jambo moja tu: Mgeni asitoke nje asubuhi.

Masika yalipoanza homa ikanikamata. Sisi watoto wa mlimani tukishuka tambarare homa hutungoja kama mdai. Nakumbuka nimelala juu ya magunia matupu kando ya banda, jua linashuka, na baba anakuja na mzigo wa majani mabichi kwa ajili ya moshi. Alipita, akarudi, akaniwekea mkono kifuani. Majani yakamwanguka pale pale. Hakukuwa na mtu wa kumwachia kazi, kwa kuwa mpishi wa bwana meneja alimwogopa Mgeni na hakusogea bandani. Baba alifunga mlango kwa komeo, magunia ya madirishani yakiwa bado yamekunjwa juu, akanibeba mgongoni kwa shuka, akaanza kukimbia kuelekea zahanati ya misheni, mwendo wa saa mbili. Nilikuwa nasikia moyo wake ukigonga mgongoni. Nilipewa kwinini chungu, tukalala huko, na kesho yake mchana tukarudi polepole. Yale majani yalikuwa bado pale chini, yamenyauka. Mgeni alikuwa mzima, akagonga mlango kwa kwato kumdai baba chakula chake, na baba akashukuru Mungu kwa sauti.

Siku ya nne baada ya homa niliamka nikiwa na nguvu. Baba alikuwa bado amelala. Alikuwa amechoka wiki ile, maana alinihudumia mimi usiku na Mgeni mchana. Nikaona nimsaidie, kama nilivyofunzwa. Nje, dunia nzima ilikuwa imeota majani, na kando ya mfereji nyasi zilifika magotini, zinameremeta kwa umande. Mgeni alikuwa ndani anatafuna nyasi kavu za kiangazi kilichopita. Niliona aibu kwa niaba yetu. Asitoke nje, nilikuwa nimeambiwa. Sikuambiwa kwamba nje isiingie ndani. Kwetu mnyama asiyetoka ndiye hasa wa kuletewa. Nikachukua mundu, nikakata mzigo mzima, nikaubeba kichwani maji yakinitiririka mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu bibi azikwe nilijiona niko nyumbani. Mgeni alikula kwa pupa, akabakiza mashina tu, akanipulizia shingoni. Nilirudi kitandani kabla baba hajaamka, nikimwekea siri yangu nimshtue nayo siku ya Jumapili.

Jumapili haikufika. Siku ya tatu yake Mgeni alikataa mahindi. Mchana macho yalikuwa yamevimba juu, na jioni povu jeupe likaanza kutoka puani, jingi, likidondoka sakafuni, huku akihangaika kuvuta pumzi. Baba alikesha naye. Asubuhi alipotoka mlangoni alikuwa ameshika hatamu tupu mkononi. Bwana meneja alikuja, mtu mzima yule, akapiga magoti kwenye maji ya mvua akalia mbele ya wafanyakazi. Kisha akaingia bandani akapekua hori la chakula, na chini ya nyasi kavu akavuta mashina ya zile nyasi mbichi, yameanza kunyauka.

Mimi nilikuwa nimesimama mbali, kwenye kona ya banda la mkonge. Nilimwona bwana meneja akimwonyesha baba yale mashina. Nilimwona baba akivua kofia. Midomo yao ilikuwa inakwenda lakini mashine ya kusinga ilikuwa inanguruma, sikusikia hata neno. Sikuhitaji kusikia. Nilikuwa nimeshasikia wafanyakazi wakisema umande ndio uliomuua. Kufikia alasiri tulikuwa tumefunga mizigo yetu, na asubuhi yake tukaupanda mlima, baba mbele, mimi nyuma. Njia nzima nilikuwa napanga kumwambia. Kila tulipopumzika nilifungua mdomo, yeye akasimama akasema twende.

Sikumwambia siku ile, na ukishaacha siku ya kwanza, ya pili huwa ngumu zaidi. Baba akawa mkulima mdogo kama wengine, kahawa kidogo, maharage, ng'ombe wa ndani. Usaisi hakuurudia kamwe. Wala farasi hakumtaja. Mara moja mgeni mmoja wa kanisani, kwa nia njema, alimuuliza kama ni kweli aliwahi kufuga farasi wa Wazungu. Baba akainuka kwenda kutazama kahawa yake, na kahawa ile ilikuwa imeshavunwa. Nilijua ananiepuka mimi. Nilijua amegundua, amekasirika, na kwamba hasira yake ni ya aina isiyo na maneno. Nikajifunza kumpitia pembeni. Tuliishi nyumba moja tukiulizana habari za chumvi na kuni. Nikaenda shule ya misheni, nikaenda ukunga, nikaolewa mbali, nikawa napanda Mhezi Krismasi kwa Krismasi na kukaa siku mbili. Alipofariki nilikuwa na watoto wangu wawili. Nilimlilia, na nilimlilia zaidi kwa sababu hata msibani sikuwa na mtu wa kumwambia kilichokuwa kinaniliza.

Na mkono wangu mtulivu nikaupeleka kwa wanawake wenye uchungu. Farasi nilimwona mara chache kwa mbali, nikavuka barabara.

Sasa rudi nami kwenye shamba la yule mama wa Kizungu. Nilikuwa na miezi mitano kazini. Asubuhi moja nilimkuta mfanyakazi mwenzangu akiwamwagia farasi nyasi mbichi zilizolowa, na nikamfokea, nikazizoa zote kwa mikono na kuzitupa nje. Daktari wa mifugo alikuwepo, kijana mpole wa umri wa mwanangu wa mwisho. Aliniamkia, shikamoo, nikamwitikia marahaba huku nahema. Aliniuliza kulikoni. Nikamwambia umande unaua farasi, kila mtu anajua.

"Umande hauna kosa, mama," akasema. "Ni visubi."

Akanieleza bila haraka. Vidudu vidogo kuliko mbu, vinatoka jua linapozama, wakati wa mvua hasa. Vinamuuma farasi, vinamwachia ugonjwa, na farasi anaonekana mzima wiki nzima au karibu yake kabla ya kuanza kuvimba na kutoa povu. Wazee waliona farasi wanaolala nje kwenye umande wanakufa, wakausingizia umande. Lakini magunia yao na moshi wao vilifanya kazi kweli, akasema, kwa sababu visubi havipendi moshi. Mtu aliyewasha moto kila jioni alimwokoa farasi wake bila kujua anamwokoa na nini.

Nikakaa juu ya ndoo. Yule kijana alidhani nimepata kizunguzungu akaniletea maji. Nilikuwa nahesabu. Siku tatu toka nyasi mpaka Mgeni alipokataa mahindi. Siku nne nyuma yake tena. Jioni moja tu katika masika yale yote banda lile halikuwa na moshi wala magunia, na jioni hiyo baba alikuwa njiani anakimbia, na mimi mgongoni mwake.

Nilifurahi kwanza, nisikudanganye. Nililia kwa furaha mbele ya kijana wa watu, mama mzima nimekalia ndoo. Si nyasi zangu. Zaidi ya miaka hamsini, na si nyasi zangu. Wiki iliyofuata nikaomba ruhusa, nikasafiri mpaka Same, nikapanda Mhezi kumwambia shangazi. Ndiye pekee aliyekuwa amebaki wa kuambiwa.

Njiani nilipita mahali palipokuwa shamba. Mkonge umeachiwa vichaka, mashine haipo, mabanda ya kambi yameng'olewa mawe kwa kujengea nyumba nyingine. Banda la Mgeni nililitafuta kwa kuhesabu hatua kutoka relini, na sikupata hata alama. Mwanamke aliyekuwa anachunga mbuzi pale aliniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia nilikaa hapa zamani. Akaitikia kwa adabu na kurudi kwa mbuzi wake.

Shangazi alikuwa amezeeka mno, amejikunja karibu na jiko, macho hayaoni vizuri lakini akili yote ipo. Nilimwamkia, akanishika mikono yote miwili, akainusa. Akauliza nafanya kazi gani siku hizi yenye harufu hii. Nikamwambia ninatunza farasi. Alisukuma kuni ndani, kisha akasema kwamba basi sasa anaweza kusema, kwa kuwa aliyemkataza hayupo.

"Yule Mzungu alimuuliza baba yako nani kampa farasi nyasi za umande," akasema. "Naye akasema, ni mimi, bwana, nimempa mimi. Alikuwa anajua ni wewe, mwanangu. Nani mwingine pale angekwenda kumkatia mnyama majani alfajiri? Alipofika hapa akatukataza sote tusitaje farasi mbele yako. Alisema, mtoto akijua kuwa ninajua, hatanitazama usoni tena."

Kwa hiyo hakuwa amekasirika. Miaka yote ile alikuwa ananificha, nami nilikuwa namkimbia, ndani ya nyumba yenye vyumba viwili.

Nilikuwa nimeupanda mlima na maneno yangu tayari mdomoni. Nikayatazama, rafiki yangu, kabla ya kuyatoa. Ningesema umande hauna kosa, shangazi angeuliza basi ni nini. Ningesema visubi, angeuliza viliingiaje wakati kaka yake aliwasha moshi kila jioni ya Mungu. Alikuwa mzee, hakuwa mjinga. Angefika nilikofika mimi, na angefika huko akiwa amebakiwa na siku chache za kumkumbuka kaka yake. Baba alimsamehe mtoto wa miaka tisa bila hata kumwambia. Saisi aliyeacha kuwasha moto, yaani yeye mwenyewe, huyo asingemsamehe kamwe.

"Ni kweli, shangazi," nikasema. "Ni mimi niliyempa."

Akanipigapiga mkono, akasema yameshapita, watoto ni watoto. Kisha akaniambia nijiwekee makande, yapo kwenye chungu, na tukaongea habari za bei ya kahawa na nani kafa na nani kaoa.

Shangazi naye alizikwa mvua zilizopita. Nyumba yake imefungwa, na vijana wake wako Dar es Salaam. Siku hizi Mhezi yenyewe ina barabara, na wengi wanafuga ng'ombe wa kisasa wa maziwa wanaoletewa chakula cha magunia kutoka dukani, hivyo mtoto wa kuamshwa alfajiri hayupo, na sisemi kwamba ni vibaya. Mimi ninarudi kwa farasi wangu kila asubuhi. Nawawekea mkono begani kwanza, wajue niko wapi. Wafanyakazi wenzangu wanadhani ni mazoea ya ukunga, na siwasahihishi, kwa sababu ningelazimika kumtaja Mgeni, na aliyewahi kumwona duniani sasa nimebaki mimi peke yangu.